UZI: Kukodi au kwako mwenyewe? Tuzungumze faida za kuwa na nyumba hapa Unguja na Pemba

Bint_Jangombe

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Kila tukizungumza habari ya nyumba tunaishia kwenye hesabu: kodi kiasi gani, tofali kiasi gani, bora pesa uitie kwenye biashara. Leo naomba tuanzie pengine. Faida kubwa ya nyumba yako, kwa nionavyo mie, ni amri. Nani anaamua kesho utalala wapi, watoto wasome skuli gani, mama yako akiumwa aletwe kwako au asiletwe. Ukikodi, amri hiyo anayo mtu mwengine, hata awe mwema vipi.

Hesabu nazo zipo. Chukulia chumba na ukumbi cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000. Kwa miaka 15, hata kodi isipande, ni 27,000,000. Na kodi inapanda, kwa sababu tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilitukuta Mkoa wa Mjini Magharibi tuko 593,678. Ya 2022 ikatukuta 893,169. Karibu watu laki tatu zaidi, wote wanataka pa kulaza ubavu, na kisiwa ni kile kile. Hapo sijazungumza nyumba zinazogeuzwa za wageni Paje, Jambiani, Nungwi na Mji Mkongwe, mwenye nyumba akishaanza kupiga hesabu ya mtu anayelipa kwa usiku.

Lakini lililonifanya niandike ni shoga yangu. Mumewe alifariki wakiwa kwenye nyumba ya kukodi. Mjane anatakiwa akae eda miezi minne na siku kumi, na anakaa pale pale alipokuwa akiishi na marehemu. Mkataba wao ulikuwa unamalizika katikati ya eda. Mwenye nyumba hakuja kwa ubaya, alikuja na mkono wa pole, akakaa barazani, akazungumza na kaka wa marehemu kwa adabu zote. Alitaka kujua tu kama watalipa tena miezi sita mbele, kwa sababu ana mtu anaisubiri. Ndani, mwanamke kakaa juu ya mkeka na kanga zake, mkataba kautia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za hospitali za mumewe, anasikia kila neno kupitia dirishani. Familia ikachangishana, ikalipa. Lakini mtu yuko kwenye msiba wake anawaza dalali!

Ndiyo maana nasema: vyumba viwili, choo na bati juu, sakafu bado mchanga umetandika mkeka, lakini pako. Mie nahamia.

Karibuni tujadiliane. Mwenye mawazo tofauti aje nayo, uzi si wa upande mmoja.

---

Kijana_Mpendae

Waaleikum salaam dada. Umegusa pazito, Mungu ampe subira shoga yako.

Mimi nimekodi Mpendae na bado naona kukodi kuna haki yake. Nafanya kazi Darajani, nafika kwa miguu. Kiwanja ninachokimudu kiko Dunga huko au Unguja Ukuu. Nauli ya daladala kila siku, kurudi usiku, watoto kuamka alfajiri wafuate skuli mjini, hayo nayo ni malipo. Pili, nimeona watu wamevunja mtaji wa duka wakajenga, wakaishia na kuta zimesimama mpaka kwenye linta, duka limekufa, na kodi wanalipa vile vile. Miaka inapita, nondo zinaota kutu juu ya ukuta.

Mkopo wa benki wa riba sitaki hata kuusikia. Sasa mtu wa mshahara wa kawaida anajengaje?

---

Fundi_Tomondo

Yakhe, mie ni mwashi, nijibu hilo la kuta zinazolala.

Nyumba zinalala kwa sababu watu wanaanza na ramani ya vyumba vinne na masta wakati pesa ni ya vyumba viwili. Msingi wa vyumba vinne unakula mawe, saruji na mchanga mpaka mfuko unakauka, unabaki na uwanja wa msingi nyasi zinaota. Chora nyumba kamili, sawa, lakini mwambie fundi akutolee upande mmoja unaoweza kusimama peke yake: vyumba viwili, choo, kijikorido. Upande huo uezeke, utie milango, uhamie. Ile kodi uliyokuwa unalipa ndiyo inayojenga upande wa pili. Siri ni hiyo tu, hakuna nyengine.

Vifaa nunua pesa inapopatikana, lakini kwa akili. Tofali na mawe yanakaa. Saruji usinunue ukaiweka, unyevu wa kwetu huu inaganda ikiwa mfukoni. Mchanga ndio mtihani mkubwa wa Unguja. Kisiwa kidogo, mashimo yamechimbwa mpaka mashamba yameliwa, ndiyo maana Serikali imeweka vibali. Mchanga wa pembeni pembeni unakuja na gari ya ng'ombe usiku, na mara nyingi una udongo au chumvi. Chumvi ikiingia kwenye zege inakula nondo kutoka ndani, miaka michache dari inaanza kumwaga vipande. Bora upate kidogo cha halali kilicho safi.

Msingi maliza kabla ya masika. Na kabla hujanunua kiwanja, kakitazame mwezi wa nne mvua ikiwa imepiga siku mbili. Kiangazi kila kiwanja kizuri.

Pesa za watu wa kawaida ninaowajengea zinatoka kwenye upato. Wanawake wanatushinda sana hapa. Mtu anacheza upato wa kazini na wa mtaani, zamu yake ikifika analeta bati zote kwa mpigo.

---

Bint_Jangombe

Ahsante sana kaka fundi. Hilo la kukitazama kiwanja wakati wa masika ningeomba kila mtu alisome mara mbili. Watu wa Sebleni na wa pembezoni mwa ziwa la Mwanakwerekwe wanajua maana yake.

Kijana_Mpendae, habari ya riba: benki zenye huduma za Kiislamu, PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wakiwemo, kuna utaratibu wa murabaha. Benki inanunua vifaa au mali, inakuuzia kwa bei inayotajwa mwanzo pamoja na faida yao, unalipa kidogo kidogo na bei haibadiliki. Kaulize masharti yao, linganisha na uwezo wako. Sikulazimishi, ila usiseme mlango ni mmoja.

---

Mzee_Kikwajuni

Wanangu, nimewasoma kwa furaha. Nataka niwaongezee jambo la wazee wenu, kwa sababu neno la amri alilolitaja binti yangu lilipiganiwa na watu wa Ng'ambo hii hii, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kabla hata mimi sijazaliwa.

Zama zile mtu wa Ng'ambo alikuwa na nyumba yake, kaijenga kwa miti, udongo na makuti kwa nguvu zake, lakini kiwanja si chake. Kiwanja kina mwenyewe, na kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Miaka ya 1920 mji ulipokua, wenye viwanja wakapandisha. Ukishindwa, nyumba uliyoijenga mwenyewe unaambiwa uiondoe. Mwaka 1928 watu wakagoma. Wakakataa kulipa, wake kwa waume, wengine wakatiwa ndani, mpaka utawala wa Waingereza ukalazimika kutunga sheria ya kuzuia upandishaji wa kodi zile. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya Serikali, na habari ya kumlipa mwenye kiwanja ikaisha. Kisha zikaja nyumba za maendeleo, Kikwajuni na Michenzani, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, na watu waliobomolewa vibanda vyao wakapewa fleti.

Nawaeleza haya mjue kwamba kuta peke yake hazikutosha. Watu walikuwa na kuta na bado waliishi roho juu. Ukitaka kwako pawe kwako kweli, tazama chini ya kuta mna nini.

---

BwanaVipimo

Mzee wangu, Mungu akupe umri. Umenifungulia mlango, maana mimi kazi yangu ni ya ardhi na hili ndilo linaloniuma kila siku. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwa sheria yetu ya umiliki wa ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na iko chini ya dhamana ya Rais. Wewe unachopata ni haki ya matumizi. Haki hiyo ina nguvu, unaweza kuirithisha, unaweza kuihaulisha, yaani kuihamishia kwa mtu mwengine, lakini lazima iwe imeandikwa kwa jina lako mahali panapotambulika. Watu wengi wanasema "nimenunua kiwanja" na walichonacho ni karatasi ya mauziano ya mkono iliyosainiwa mbele ya jirani wawili.

Nimeletewa karatasi moja hivi karibuni. Imeandikwa vizuri, kwa kalamu ya buluu, na mipaka yake ni hii: kaskazini mwembe mkubwa, kusini njia ya miguu, mashariki shamba la Bi mkubwa fulani, magharibi "mpaka kwenye mawe". Urefu umetajwa kwa hatua. Mwembe umekatwa, njia ya miguu imekuwa barabara ya gari na imehama, Bi mkubwa amefariki, na warithi wake wanasema mawe yale yako ndani ya shamba lao. Mnunuzi ameshajenga mpaka juu. Nyumba nzuri, ina marumaru. Sasa kila Jumatatu yuko Mahkama ya Ardhi.

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa:

Nenda mwenyewe kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa ule, usimtume dalali. Muulize anayeuza ni mwenyewe au ni mmoja wa warithi. Ikiwa ni urithi, warithi wote wakubali na wasaini, hata yule dada aliyeolewa Oman au aliyeko Mombasa. Mgogoro mkubwa wa viwanja hapa kwetu unatoka kwa ndugu mmoja kuuza cha ndugu sita.

Uliza asili ya ardhi. Zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi zilitolewa kwa kilimo, hazikutolewa kukatwa viwanja. Leo zinakatwa Fuoni, Kianga, Tunguu, kila mahali. Ukinunua kipande cha eka huku matumizi yake hayajabadilishwa kwa idhini, umenunua mashaka.

Uliza na miti. Kwa mila zetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye ardhi. Usije ukakata mnazi kuweka msingi akatokea mtu na madai.

Kisha mauziano yapite panapostahiki. Sheria ya uhaulishaji ya 1994 imeweka Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi kwa kazi hiyo. Pimisha kwa mpimaji anayetambulika, weka mawe ya mipaka, omba hati Kamisheni ya Ardhi, chukua kibali cha ujenzi. Najua inachosha, najua unarudi ofisini mara nyingi. Lakini kiwanja kidogo chenye hati kina thamani kuliko kikubwa chenye karatasi ya hatua na mwembe. Barabara ikipita kwako, fidia anapewa mwenye ushahidi.

---

Mpemba_Gombani

Assalamu aleikum. Mie nimekodi mjini Unguja, nyumba yangu iko Pemba. Nimejenga kwa misimu ya karafuu, msimu mzuri naezeka, msimu mbaya nanunua mlango mmoja. Ndugu na majirani walinisaidia kwa msaragambo, kumwaga jamvi na kuvuta mawe, pesa yangu ikaenda kwenye saruji na bati tu.

Wenzangu wananambia nimekosea kujenga nisipoishi, ningejenga Unguja. Mie sioni hivyo. Nikistaafu, au kazi ikifa, nina pa kushukia. Sikukuu watoto wanafikia kwao, hawafikii kwa baba mdogo. Na ule mwaka niliokaa bila kazi, kilichonipa usingizi ni kujua kwamba nikipanda boti tu nina paa.

---

Kijana_Mpendae

Lakini ami, nyumba ikikaa tupu si inaliwa na mchwa? Na wewe huku bado unalipa kodi. Faida ya pesa iko wapi?

---

Mpemba_Gombani

Haikai tupu mwanangu, yumo mdogo wangu na mkewe, hawalipi, wananitunzia. Huko nako ni kusaidia ndugu, na mie nimelilipia kwa moyo safi. Faida ya pesa ni ndogo, nakubali.

---

Mama_Mapacha

Mie naomba wanaume mnisome hapa bila ya kukasirika.

Wanawake wengi wa Zanzibar wanajenga nyumba za waume zao. Mume ananunua kiwanja kwa jina lake, mke anatoa pesa ya upato, anauza dhahabu yake, anapika maandazi na urojo auze, anawapikia mafundi mchana kutwa. Nyumba ikiisha, hati ina jina moja. Talaka ikitoka anaondoka na masanduku. Mume akifa, anakuta yeye ni mrithi wa thumuni, sehemu moja ya nane, kwenye nyumba aliyoweka nusu ya tofali.

Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 imempa Kadhi nafasi ya kusikiliza mgawanyo wa mali ya wanandoa pale penye mchango. Lakini mchango unathibitishwa. Weka risiti. Ukitoa pesa ya bati, risiti iandikwe jina lako. Na bora kuliko yote, majina yote mawili yaingie kwenye hati tangu mwanzo, wakati mnapendana na mnacheka. Mume mwema haoni tabu.

---

Maalim_Wete

Bi Mama_Mapacha amesema kweli tupu, na niongeze upande wa mirathi kwa sababu hapa ndipo nyumba nyingi zinapovunjika.

Tuseme mtu amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja mwanamume na wawili wanawake, na nyumba ya thamani ya shilingi 40,000,000, hana deni wala wosia, na wazee wake wametangulia. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumuni: 5,000,000. Zinabaki 35,000,000, mwanamume sehemu mbili na kila mwanamke sehemu moja, yaani 17,500,000 kwake na 8,750,000 kwa kila dada. Haya ni mafungu ya Mwenyezi Mungu, hayana mjadala. Lakini nyumba haikatwi kwa msumeno. Mmoja akitaka chake taslimu na wenziwe hawana cha kumpa, inauzwa, na mama mzee anatoka.

Sasa, ikiwa nusu ya nyumba ile kwa haki ni ya mke, kwa sababu ameijenga na imeandikwa, basi kinachorithiwa ni nusu ya marehemu tu, 20,000,000. Mke anabaki na nusu yake na juu yake thumuni ya ile nyengine, 2,500,000. Mnaona tofauti ya jina moja kwenye karatasi? Mwanzo alikuwa na 5,000,000, sasa ana 22,500,000, na hakuna aliyedhulumiwa.

Anayetaka kumpa mkewe au binti yake sehemu akiwa hai, ipo hiba, lakini hiba inataka makabidhiano. Kusema tu "hii yako nikifa" inakuwa wosia, na wosia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Ipo pia wakfu. Mji wetu umejaa nyumba za wakfu, wazee walizifunga zisiuzwe ili kizazi kipate pa kukaa au msikiti upate taa. Nendeni kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkaulize mkiwa na afya zenu.

---

Mkaazi_Kiponda

Mimi nimekodi ndani ya Mji Mkongwe miaka mingi, nyumba ya zamani ya mawe na boriti. Kodi yangu ni nafuu na sikatai. Lakini ukuta wa ukumbini unamwaga chokaa kila masika, na nimeshaacha kuupaka kwa pesa yangu kwa sababu sijui mwakani nitakuwepo. Mwenye nyumba naye hatengenezi kwa sababu kodi ni ndogo. Mwisho wa yote nyumba inaumia, na ni mji wa urithi wa dunia tangu 2000. Nyumba isiyo na mtu anayeiona yake inakufa polepole.

---

Kijana_Mpendae

Nashukuruni nyote kwa dhati. Nakiri sikuwahi kuifikiria habari ya eda wala ya hati kwa namna hii, nilikuwa natazama nauli tu.

Swali kwa BwanaVipimo. Kuna kiwanja Dole naonyeshwa, bei naiweza. Muuzaji ana karatasi ya sheha, anasema ni cha marehemu baba yake na ndugu zake "wanajua". Anataka nusu ya pesa wiki hii kwa sababu ana mnunuzi mwengine. Nifanyeje?

---

BwanaVipimo

Usitoe hata senti. "Wanajua" si saini. Mwambie unataka karatasi ya mirathi inayotaja warithi wote, kisha siku moja wote mkutane ofisini kwa sheha, aliye mbali alete wakala kwa maandishi. Uliza hapo hapo kama ni eka au ni ardhi ya asili ya familia. Mwenye haki yake atakusubiri wiki mbili. Huyo mnunuzi mwengine anatajwa kwenye kila kiwanja.

Ukishakwenda kwa sheha, andika hapa amekwambia nini, bila ya kutaja jina la mtu, tukutazamie hatua ya pili.

---

Fundi_Tomondo

Na Dole kuna sehemu udongo mzuri na sehemu kinamo kitupu. Kabla ya kusaini nipigie ujumbe wa faragha, nakuja na sururu tuchimbe shimo la futi tatu tuone. Bure, sitaki kitu.

---

Bint_Jangombe

Mungu awabariki kaka zangu. Kijana, nenda naye Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Na ukifika kwenye kuandikisha, jina la mkeo liwemo.